Jumamosi moja Nairobi, peke yangu: jumba la nyaraka, sahani ya ndengu na jukwaa

Nafundisha fasihi ya Kiswahili sekondari hapa Arusha, mwaka wa kumi na moja sasa. Kila mwaka tunasoma tamthilia darasani. Tunagawana wahusika, huyu anakuwa mfalme, yule mjumbe, tunasomeana tukiwa tumekaa kwenye madawati. Lakini kuingia kwenye ukumbi wenyewe wa maigizo, wenye jukwaa na taa na viti vilivyopangwa kwa kazi hiyo tu, sikuwahi. Likizo ya Juni ilipofika nikasema mwaka huu haupiti. Mama akaniuliza naenda na nani. Nikamwambia, "Naenda mwenyewe, mama." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi nipigie ukifika. Na ukitoka huko kwenye maigizo nipigie tena." Nilimpigia mara zote mbili. Haya ninayoyaandika ni yale niliyomwambia, pamoja na mengi ambayo kwenye simu hayakuenea.

Safari yenyewe ni nyepesi. Basi la Ijumaa, Namanga unagonga mihuri ya nchi zote mbili ndani ya jengo moja, jioni uko Nairobi. Nyumba ya wageni niliyolala siitaji jina. Waliniahidi maji ya moto kwenye simu, usiku hayakuwepo, asubuhi hayakuwepo, na bei haikupungua hata shilingi. Juni ya Nairobi ina baridi kali. Nilioga hivyo hivyo, nikavaa sweta, nikatoka saa mbili na nusu.

Nilianzia jumba la Nyaraka za Taifa, pale Moi Avenue, kwa sababu Jumamosi hufungwa mapema. Wanairobi wakiahidiana kukutana mjini husema "tupatane Archives", na kweli nilikuta watu wengi wamesimama pale mbele, kila mmoja ananyoosha shingo kumtafuta mtu wake. Wanasimama, wanapatana, wanaondoka. Wanaoingia ndani ni wachache mno, na hilo lilinisikitisha, maana hatua kumi tu kutoka kwenye zile kelele za makondakta kuna ukumbi uliotulia kama msikiti baada ya sala.

Jengo lilikuwa benki zamani za ukoloni, na utaona hivyo kwa unene wa kuta na nguzo zake. Ghorofa ya chini ndiyo ya kuendea. Pamewekwa vitu alivyokusanya Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa pili wa Kenya kwa miezi michache mwaka 1966, kisha akajiuzulu. Baba yake alikuwa Mgoa, yaani mtu wa Goa kule India, mama yake Mmaasai. Alikusanya vinyago vya Afrika Magharibi, mapambo, vitambaa, silaha, stempu za posta za nchi za Afrika, na vitabu vya zamani kwa maelfu. Alikuwa na nafasi ya kuviuza ng'ambo, lakini vilibaki Kenya, vikachukuliwa na serikali. Nilisimama muda mrefu mbele ya zile stempu. Nchi nyingine zilizoandikwa pale hazipo tena kwa majina hayo, na karatasi ndogo kama ukucha ndiyo imezishikilia.

Mzee mmoja mlinzi aliniona nazunguka bila mpango akanisogelea. "Mama, anza upande huu wa kushoto, halafu upande juu uone picha. Usiharakishe." Nilimshukuru kwa neno hilo la mwisho. Ukisafiri na wenzako, yupo atakayechoka, yupo mwenye njaa, yupo anayetaka kupiga picha aondoke. Peke yangu nilikaa saa nzima na nusu, na kinyago kimoja nilikirudia mara tatu.

Ukitoka, ng'ambo ya pale kuna sanamu ya Tom Mboya, waziri wa miaka ya mwanzo ya uhuru wa Kenya, iliyozinduliwa 2011. Aliuawa kwa risasi karibu na hapo tarehe 5 Julai 1969, akiwa na umri wa miaka 38. Vijana walikuwa wameegemea ukingo wake wakila mayai ya kuchemsha yaliyopasuliwa katikati na kujazwa kachumbari. Harufu ya ile pilipili ndiyo iliyonikumbusha kwamba sikunywa hata chai.

Kwa chakula sikutaka hoteli. Nilimuuliza mama muuza magazeti wanakula wapi wao wenyewe, akanielekeza uchochoro mmoja nyuma ya Tom Mboya Street, chumba chembamba chenye mabenchi mawili na masufuria makubwa manne. Kibao chake kiliandikwa kwa chaki: madondo, ndengu, matumbo, githeri, chapo. Madondo ni maharagwe. Chapo ni chapati. Nikaagiza ndengu nikitegemea dengu zetu, zile punje za njano zenye mikunjo. Ikaja sahani ya choroko! Kumbe hapa ndengu ndiyo choroko, na sikujuta hata kidogo. Zilikuwa zimeiva mpaka rojo limekuwa zito lenyewe bila unga wala nazi, zimeungwa kwa nyanya, vitunguu na karoti zilizokwaruzwa, na juu yake giligilani mbichi, ambayo wao huiita dania. Nazi ndiyo kitu ambacho ningeongeza, lakini hayo ni mazoea ya bibi yangu wa Tanga, na mpishi hana kosa.

Chapati sasa. Nimekula chapati nyingi maishani, na hii naiweka juu. Ilikuwa na tabaka, unaivuta inaachia uzi kwa uzi, katikati laini, pembeni imekauka kidogo kwa moto. Nilikula ya kwanza kwa kuchovya, ya pili nikaila kavu na chai ya maziwa. Dada aliyekuwa anahudumia akaniuliza, "Madam, uongezewe chapo? Ni mbao tu." Kwangu mimi mbao ni za seremala. Kwao mbao ni shilingi ishirini. Nikamwuliza maneno mengine ya pesa, akanihesabia huku anafuta meza: mbao, finje ni hamsini, soo ni mia, thao ni elfu. Nikatoa daftari nikaandika. Akacheka, akasema, "Wewe umetoka Tanzania. Ndio maana Kiswahili yako iko hivyo." Sikuona haja ya kumsahihisha mtu anayenilisha vizuri namna ile. Sahani, chapati tatu na chai vyote havikufika thao, wala nusu ya thao. Ukipita uchochoro huo utaujua kwa foleni ya makondakta. Watu wanaozunguka mji mzima wakija kula mahali pamoja, ujue hapo pana mkono.

Kwenda makumbusho nilianza kwa kuita teksi ya kwenye simu. Dereva alifika, akaangalia bei iliyoandikwa, akataka mara mbili yake, nami nikateremka kabla hatujaondoka. Nikapanda matatu ya kwenda Westlands. Muziki wake ulikuwa wa kutikisa vioo, lakini kondakta alinikumbuka mwenyewe, akapiga bati mara mbili na kusema, "Mathe wa Museum, shuka pole pole." Hiyo ndiyo huduma bora ya usafiri niliyoipata siku hiyo.

Makumbusho ya Taifa ya Nairobi yako kilimani, Museum Hill. Jengo la hapo lilifunguliwa mwaka 1930 likiitwa kwa jina la gavana wa Kiingereza, Coryndon, likabadilishwa jina baada ya uhuru, na likafungwa kati ya 2005 na 2008 kwa ukarabati mkubwa. Hufunguliwa saa mbili na nusu asubuhi na kufungwa saa kumi na moja na nusu jioni. Viingilio vimegawanywa: raia, Waafrika Mashariki, na wageni wa mbali, kwa hiyo Mtanzania chukua kitambulisho chako. Ujiandae kulipa kwa simu. Mimi laini yangu ya Tanzania haikufaa, kijana mmoja mwanafunzi aliyekuwa nyuma yangu akanilipia kwa M-Pesa yake, nikampa noti mkononi. Hakutaka kubakiza hata senti.

Nisiwachoshe kwa kila chumba. Kuna ukumbi wa ndege waliokaushwa, zaidi ya mia tisa, umepangwa vizuri lakini baada ya kabati la tano macho yangu yalichoka. Kuna picha za watu wa makabila ya Kenya alizochora Joy Adamson, wazee kwa vijana katika mavazi yao, na hizo zinahitaji mtu asimame. Lakini kilichonichukua mchana wangu wote ni chumba cha asili ya binadamu, na humo, mvulana wa Turkana.

Ni mifupa ya mtoto aliyekufa kando ya maji miaka takriban milioni 1.5 iliyopita. Aligunduliwa 1984 huko Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, na Kamoya Kimeu, Mkenya aliyeanza kama kibarua katika machimbo ya akina Leakey, familia ya watafiti wa asili ya binadamu, na akawa mmoja wa wagunduzi wakubwa wa visukuku duniani, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka mawe. Alichokiona kwanza kilikuwa kipande kidogo cha fuvu, rangi yake karibu sawa na kokoto zilizokizunguka. Kutokana na kipande hicho walichimba mpaka wakapata karibu mwili mzima. Nilimtazama kuanzia miguuni. Miguu mirefu, kama ya wanangu wa kidato cha kwanza ambao sare zinawapungukia kabla mwaka haujaisha. Ukiondoa fuvu, ungedhani ni mtoto wa jana.

Sisi Arusha tuna Olduvai jirani. Fuvu la Zinjanthropus, zamadamu wa kale sana, alilolipata Mary Leakey Julai 1959, ni la kwetu na liko Dar es Salaam, nami nimelisomea na kulitaja darasani. Kamoya naye alijifunza kazi kwenye machimbo yale yale ya Olduvai. Nilipolielewa hilo pale Nairobi nilihisi kama mtu aliyekutana na ndugu wa mjomba wake ugenini. Jina la Kamoya sikuwahi kulifundisha. Sasa nitalifundisha, hata kama somo langu ni fasihi.

Uani nilimkuta Ahmed, tembo wa Marsabit, sanamu ya ukubwa wake kamili. Rais Jomo Kenyatta alitoa amri alindwe, akawa anatembea msituni na askari wenye bunduki nyuma yake mchana na usiku, mpaka alipokufa mwenyewe mwaka 1974. Pembe zake, kila moja ilikuwa na uzito wa kilo 67 hivi. Watoto wa shule walikuwa wakishindana kusimama chini ya pembe hizo. Nami nilisimama. Hakuna aliyenicheka, na mwalimu wao akanipiga picha.

Lipo jambo moja nililolitamani mahali fulani kati ya nilipopita siku hiyo, nisilipate: maelezo ya Kiswahili. Ubao mmoja mkubwa wa Kiingereza ulinikuta na bibi mmoja aliyekuja na mjukuu wake. Bibi akamwuliza mtoto, "Hapo wamesema nini?" Mtoto akajaribu, akakwama. Nikawasomea kwa Kiswahili ubao mzima, na ule uliofuata, na wa tatu. Bibi akaniambia, "Mungu akuweke, mwanangu." Mistari minne ya Kiswahili chini ya kila kibao ingetosha.

Saa kumi na moja nikateremka kwa miguu kuelekea ukumbini. Ni mwendo mfupi, na mwanga bado upo. Usiku nisingekushauri. Njia ya kwenda ukumbini inaitwa Harry Thuku Road, na kwa mwalimu jina hilo lina uzito. Machi 1922 umati ulikusanyika maeneo haya kudai Thuku, mtetezi wa haki za Waafrika chini ya ukoloni, aachiwe kutoka kituo cha polisi, na mwanamke aitwaye Mary Muthoni Nyanjiru akawakemea wanaume waliotaka kutawanyika. Askari wakafyatua risasi, zaidi ya watu ishirini wakafa, Nyanjiru mwenyewe akiwamo. Upande mmoja una chuo kikuu, upande wa pili hoteli ya Norfolk iliyokuwepo tangu 1904. Mahali hapo pamekuwa jukwaa tangu kabla ya kujengwa ukumbi wowote.

Kenya National Theatre, ukumbi wa taifa wa maigizo, ulifunguliwa 1952, mwaka uleule serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari kwa sababu ya Mau Mau. Kwa miaka mingi michezo iliyopewa nafasi humo ilikuwa ya kigeni zaidi. Ndiyo maana Oktoba 1976, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo kuhusu kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, ilipopanda jukwaa hilo, ilikuwa habari kubwa. Wote wawili ni marehemu sasa. Niliwaza hivyo nikiwa kwenye foleni ya tiketi. Ukumbi ulikarabatiwa na kufunguliwa upya 2015. Ndani ni pasafi, viti vimeinuka safu kwa safu, na hata kutoka nyuma unaona miguu ya mwigizaji, jambo ambalo sikujua lina maana kiasi gani mpaka taa zilipozimwa.

Mkata tiketi aliniuliza, "Ni wawili?" Nikasema ni mmoja. Akanipa safu ya sita, katikati kabisa, kiti kimoja kilichobaki kati ya familia mbili. Peke yako hupata viti vya namna hiyo. Mama wa kulia kwangu akanikaribisha njugu kabla hata hatujasalimiana.

Mchezo ulikuwa wa mjane na wanawe watatu wanaogombea shamba la baba yao, hati ya shamba ikiwa imefichwa kwenye kopo la biskuti. Kikundi ni cha vijana. Walichanganya Kiswahili, Kiingereza na Sheng, ile lugha ya mitaani ya vijana wa Nairobi, na pale mtoto mkubwa alipomsemesha mama yake Kiswahili cha heshima huku kwenye simu akiongea Sheng, ukumbi mzima ulielewa anadanganya. Ucheshi ulikuwa mwingi, pengine kupita kiasi sehemu ya kwanza. Kuna kaka wa tatu aliyerudia mzaha mmoja mara nne, na mara ya nne haukuhitajika. Walianza pia kwa kuchelewa zaidi ya nusu saa bila neno la samahani. Na bwana mmoja mbele yangu alirekodi kwa simu mpaka mama wa njugu akamgusa bega, akaizima.

Lakini nisikilize. Sehemu ya pili, wana wamekwisha kutukanana, wametoka. Mama amebaki peke yake na leso yake, khanga kama tunavyosema sisi, imeanguka chini. Anaiokota. Anaikung'uta. Anaanza kuikunja. Pindo kwa pindo, ananyoosha kwa kiganja, anakunja tena, anaiweka mapajani. Hasemi kitu. Hakuna muziki. Nilisikia kitambaa. Watu mamia, na nikasikia kitambaa.

Kwenye vitabu vyangu vya tamthilia mambo haya huandikwa kwa herufi za mlazo ndani ya mabano: Kimya. Neno moja. Miaka kumi na moja nimelisoma kwa sauti kama ninavyosoma mengine, "kimya", kisha mhusika anayefuata anaendelea. Wanafunzi wameniuliza, "Mwalimu, kimya hicho ni cha muda gani?" Nami nimewajibu kwamba ni kidogo tu, endelea. Pale safu ya sita nilielewa kwamba mwandishi alikuwa ameniandikia jambo kubwa kuliko ukurasa mzima wa maneno, nami nimekuwa nikilipita. Yule mama alikuwa anamkunja mumewe, anakunja shamba, anakunja watoto watatu. Mama wa njugu alikuwa analia bila sauti. Nami pia.

Kisha akasema mstari wake mmoja, taa zikazimika, na makofi yakachelewa kuja, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuivunja ile hali.

Nilipotoka nje nilimpigia mama kama nilivyoahidi. Nikajaribu kumsimulia ile leso. Akasikiliza, akauliza, "Hakusema kitu kabisa?" Nikasema hakusema. Akakaa kimya kwenye simu, kisha akasema, "Ehe. Najua."

Nilikuwa nimepanga Jumapili kwenda kuona jengo la Nairobi Gallery, ile ofisi ya zamani ya mkuu wa mkoa ya mwaka 1913 ambako watu walikuwa wakiandikishwa kuzaliwa, kuoana na kufa. Sikwenda. Nilikwenda kula chapati kwa yule dada, kisha nikakata tiketi ya onyesho la alasiri la mchezo uleule, safu ya pili. Nilichukua saa yangu ya mkononi nikikusudia kupima kile kimya. Leso ikaanguka, akaiokota, akaikung'uta. Jana alianza kukunja kwa pindo la kulia. Safari hii alianza na la kushoto, akasita katikati, akaifungua yote akaanza upya. Saa sikuitazama.